Mabaka, ng'ombe wa chupa: kisa cha sanamu iliyopasuliwa tumbo Dodoma

Mtaa ninaouzungumzia uko pembezoni mwa Jiji la Dodoma, upande wa magharibi. Sitautaja jina, kwa sababu wahusika wote bado wanaonana kila siku dukani na bombani. Mbele ya kijiwe cha bodaboda, kati ya uzio wa shule ya msingi na vibanda vya mama lishe, amesimama ng'ombe. Mifupa yake ni nondo, ngozi yake ni vipande vya madumu na vifuniko vya chupa, na tumbo lake ni wavu wa chuma wenye uwazi mgongoni. Mpita njia akimaliza maji yake anaitumbukiza chupa tupu humo na kuiona imekaa juu ya wenzake. Watoto wa shule walimpa jina la Mabaka.

Alisimikwa wiki ya Siku ya Mazingira Duniani, ambayo huwa Juni 5, kwa ngoma, hotuba na soda. Kabla Julai haijaisha alikuwa amepasuliwa tumbo usiku, na uongozi wa mtaa ukawa unamsaka mwizi. Mimi hufundisha vikundi vya taka rejeshi, nikaitwa nishauri jinsi ya kuilinda sanamu. Ushauri niliotoa haukuwa wa ulinzi, na ndicho kilichonifanya nikae niandike uchambuzi huu.

Kwa nini ng'ombe

Wazo la awali lilikuwa twiga. Twiga ni mnyama wa taifa, shingo yake inaonekana kutoka mbali, na mwalimu wa shule alikwisha kumchora ubaoni. Mambo yaligeuka kwenye kikao cha mtaa, pale mzee mmoja mfugaji aliposimama na fimbo yake akauliza, "Mwenyekiti, huyo twiga mara ya mwisho amepita hapa lini? Anayekula mifuko yenu ni ng'ombe wangu."

Mchinjaji aliyekuwa amekaa nyuma akasema anacho kitu cha kuonyesha. Akatoka, akarudi na ndoo. Ndani yake kulikuwa na bonge la kujaza viganja viwili, alilolitoa kwenye tumbo la ng'ombe: mifuko iliyosokotana, kamba za nailoni, kipande cha sandarusi, vyote vimeshikana vikawa kitu kimoja kigumu, rangi ya kijani iliyochanganyika na majivu. Hata baada ya kuoshwa kilikuwa kinanuka. Ndoo ilizungushwa mkono kwa mkono, na ilipomfikia mwenyekiti hoja ya twiga ilikuwa imekufa yenyewe.

Wasiofuga huenda hawajui inavyotokea. Ng'ombe hachagui chakula kwa midomo kama mbuzi. Huzungushia ulimi fungu la majani, akavuta, akameza, na kutafuna hasa huja baadaye anapocheua. Plastiki iliyoingia na majani hubaki katika tumbo la kwanza. Haimeng'enywi na haipiti, na kila kiangazi malisho yanapokuwa haba inaongezewa nyingine. Mnyama hukonda huku tumbo limejaa. Mwenyewe hudhani ni minyoo, hununua dawa, mwisho huuza kwa hasara.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyoanza Juni 1, 2019, ilisaidia sana. Waliokuwapo kabla yake wanakumbuka michongoma ya Dodoma ilivyokuwa ikichanua mifuko kila upepo ukipita. Lakini marufuku haikuhusu chupa za vinywaji, na vifungashio vyepesi vya karanga na sukari viligeuzwa kuwa mifuko ya kubebea, mpaka NEMC, baraza la taifa la mazingira, ikalazimika kuvikemea. Ng'ombe wa mtaani bado anaokota.

Kwa uamuzi wa kuchagua ng'ombe nawapa heko. Wanyama wa plastiki wanaosifiwa duniani wengi ni wa baharini, na wana sababu. Nyangumi aliyesimamishwa mwaka 2018 kwenye mfereji wa mji wa Bruges, Ubelgiji, alitengenezwa kwa tani 5 za plastiki iliyotolewa baharini. Jahazi la Flipflopi lililozinduliwa Lamu mwaka huohuo lilivikwa ndala zipatazo 30,000, kwa kuwa fukwe za huko ndizo zinazozipokea. Dodoma haina bahari. Plastiki yetu huishia korongoni, kwenye uzio wa minyaa na tumboni mwa ng'ombe. Mtaa uliochagua ng'ombe uliangalia kwake kwanza, na nadhani ndiyo sababu watu waliitikia wito kwa kasi iliyomshinda kila mtu.

Usiku wa koleo

Tumbo lilijaa kabla mwezi haujaisha. Bodaboda walitumbukiza chupa zao, wanafunzi wakaja nazo kutoka nyumbani, abiria wakateremka wakaacha zao. Hakuna aliyepangiwa kulimwaga, na hata angepangiwa asingeweza, maana Mabaka hakuwa na mlango. Fundi wa kuchomelea aliniambia wazi: aliambiwa atengeneze ng'ombe, akatengeneza ng'ombe. Habari ya mlango hakuna aliyeileta.

Tumbo lilipojaa watu hawakuacha. Waliziweka chupa miguuni mwa sanamu, wakijua wametimiza wajibu, na upepo wa Julai ukafanya kazi yake. Zilibingirika chini ya meza za mama lishe na nyingine zikafika korongoni. Mama mmoja wa chapati alilalamika kwamba zamani chupa zilitawanyika mtaa mzima, sasa zote zimehamia kwake.

Ndipo usiku mmoja tumbo likapasuliwa. Nilipofika nililiangalia lile tundu kwa muda mrefu kuliko nilivyowasikiliza viongozi, na sijutii. Wavu ulikuwa umekatwa chini, ubavu wa kushoto, upande ambao taa ya kijiwe haiufikii. Aliyekata alitumia koleo, akakata jicho moja baada ya jingine kwa mstari ulionyooka, kisha akaukunja wavu kwa nje ili ncha zisimchane mkono. Kilichoondoka ni chupa angavu za maji peke yake. Zilizoachwa ni chupa za rangi za vinywaji vya kuongeza nguvu, vikombe vya mtindi, makopo ya mafuta ya kupaka na maganda ya ndizi, kwa kuwa kila penye tundu hapakosi mtu wa kutia takataka. Na pembeni, juu ya kipande cha boksi, vifuniko vya zile chupa vilikuwa vimerundikwa.

Kwangu mimi, vile vifuniko ndivyo vilivyoamua kesi. Mharibifu hakai gizani akafungua vifuniko. Chupa ya maji ni plastiki iitwayo PET, ile yenye namba 1 ndani ya pembetatu kwenye kitako. Kifuniko chake ni plastiki ya aina nyingine, PP au HDPE. Kiwandani zikishasagwa hutenganishwa kwa maji: vipande vya PET huzama, vya kifuniko huelea. Huku chini sababu ya kufungua ni rahisi zaidi. Chupa iliyofungwa imebeba hewa, haibonyezeki, kiroba kinajaa upepo, na mnunuzi akikuta mchanganyiko anakata bei. Aliyempasua Mabaka alikuwa mtu wa kazi.

Uongozi haukuiona hivyo. Neno lililotumika kikaoni lilikuwa hujuma. Mgambo wawili walikwisha kuwekwa kulinda usiku, na mapendekezo yaliyokuwa mezani yalikuwa kubadilisha wavu uwe wa nondo nyembamba, kuweka taa kubwa, au kumhamishia Mabaka ndani ya uzio wa shule ambako hakuna mpita njia atakayemfikia. Pendekezo hilo la mwisho lilikaribia kupita.

Mizani

Niliomba kalamu. Tumbo la Mabaka ni kama pipa lililolazwa, urefu mita moja na nusu, kipenyo sentimita 80. Ujazo wake ni lita 750 hivi. Chupa ya nusu lita ambayo haijabonyezwa, pamoja na uwazi unaobaki kati yake na jirani zake, inakula karibu lita moja. Kwa hiyo tumbo lililojaa pomoni lina chupa kama 750. Chupa moja ya namna hiyo ina uzito wa gramu 10 hadi 20. Ukizidisha unapata mzigo wa kilo saba na nusu hadi 15, tuseme 12.

Kilo 12, kwa bei ya mtaani ya shilingi mia chache kwa kilo, ni shilingi elfu chache. Mgambo wawili kwa usiku mmoja wanalipwa zaidi ya hapo. Mtaa ulikuwa unalinda mali kwa gharama inayoizidi mali yenyewe, usiku hadi usiku.

Na kuna hesabu nyingine ambayo fundi aliifurahia kuliko mwenyekiti. Nondo ya milimita 12 ina urefu wa mita 12 na uzito wa kilo 10 na ushei. Mifupa ya Mabaka ilimeza nondo tatu, yaani kilo 32, kabla hujapima wavu. Kwa mizani, huyu ni ng'ombe wa chuma aliyebeba plastiki kidogo. Anayesema sanamu ya aina hii inapunguza taka kwa kuzihifadhi tumboni hajawahi kuzipima. Chupa ni nyepesi mno na zinakuja kila siku; zikikaa ndani ya sanamu zimechukua nafasi tu, na zinawazuia zinazofuata kuingia. Tumbo linafaa kitu likimwagwa.

Sasa linamwagwa na nani? Kumpata mpasuaji hakukuhitaji polisi. Mnunuzi wa chupa wa karibu, mwenye mizani ya kuning'iniza na guta la kubebea mzigo, aliniambia wapo wachache wanaoleta chupa zilizokwisha kufunguliwa na kubonywa, na mmoja anakaa nyuma ya shule. Nilimkuta mama wa makamo anapanga viroba chini ya mti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa ajili ya yule ng'ombe."

Hakusubiri nimuulize. Alisema alimwona amejaa, chupa zinaanguka, zinapeperuka, na hakuna anayezigusa. Akadhani ni kizimba kipya cha taka kilichosahauliwa mlango. Kwa nini usiku? Kwa sababu mchana watoto wanakaa pale, na watoto wa siku hizi wana midomo. "Kitu kimetupwa, mwanangu. Kilichotupwa kina mwenyewe?"

Swali lake lilibebwa hadi kikaoni, na huko halikupata jibu moja. Vijana wa kijiwe walisema chupa iliyowekwa kwenye ng'ombe haijatupwa, imetolewa kwa mtaa. Hoja yao si ya kipuuzi. Mwalimu alisema wanafunzi walikuja nazo kwa ajili ya sanamu, si kwa ajili ya mtu kuuza. Mama lishe, ambao ndio walioguswa zaidi na zile chupa zilizobingirika, walisema achukue hata kesho. Tukumbuke pia kwamba chupa ya soda ya kioo haionekani korongoni hata siku moja. Duka linakudai uirudishe au uache pesa, na hata mtoto wa darasa la pili anajua hivyo. Chupa ya plastiki mdai wake ni huyu mama tu.

Aliyemaliza ubishi ni yuleyule mzee mfugaji. Akasema kwa wafugaji mtu mwenye ng'ombe wengi humkabidhi jirani ng'ombe mmoja amtunze. Jirani anakunywa maziwa na kuchukua samadi, ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na ng'ombe akiugua jirani hutoa taarifa. "Huyu wenu mpeni mama amchunge. Chupa ndiyo maziwa." Watu walicheka, lakini baada ya kicheko hakuna aliyeleta wazo bora. Ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa nimekuja na mapendekezo yaliyopangwa kwenye karatasi, nikaikunja nikaiweka mfukoni.

Jua

Wakati wote wanagombana juu ya tumbo, ngozi ya Mabaka ilikuwa inaharibika na hakuna aliyeiangalia. Kwa maoni yangu hili lilikuwa tatizo kubwa kuliko koleo, kwani tundu la wavu linazibwa kwa nusu saa.

Mabaka meusi yalikatwa kwenye simtanki lililopasuka na mabomba ya maji. Meupe na mekundu yalitoka kwenye madumu na vifuniko. Miezi michache baadaye meusi yalikuwa kama siku ya kwanza. Vifuniko vya upande wa magharibi, unaopigwa na jua la mchana hadi jioni, vilikuwa vimepauka, na nilipokipitishia kimoja kidole kiliacha unga mweupe. Kingine kilivunjika nilipokibana. Kinachofanya hivyo ni miale ya jua inayokata minyororo ya molekuli za plastiki. PP huathirika haraka zaidi ikiwa haikuwekewa kinga. Plastiki nyeusi huwa imechanganywa na masizi ya kaboni, nayo hunyonya miale kabla haijaingia ndani. Ndiyo maana mabomba na matangi ya kukaa juani hutengenezwa meusi. Ule unga unaodondoka bado ni plastiki, imekuwa ndogo tu, na unapeperukia kwenye majani ambayo ng'ombe wa kweli anakula. Sanamu ya kuwatetea ng'ombe isiyotunzwa inaanza kuwalisha kilekile.

Kosa la pili lilikuwa la ufundi. Vipande virefu vya madumu vilifungwa kwenye nondo kwa bolti zilizokazwa kwenye matundu ya kubana. Dodoma mchana kipande kilicho juani huwa cha moto kushikika, na alfajiri ya Julai kimepoa kabisa. Kwa tofauti ya nyuzi 45 hivi, kipande cha mita moja cha HDPE, plastiki ya madumu, hurefuka milimita sita au saba, wakati chuma cha urefu huo kinarefuka nusu milimita. Plastiki ikikosa pa kwenda inajikunja au inapasuka kwenye tundu la bolti. Paja la nyuma la Mabaka lilikuwa limefanya yote mawili. Dawa yake haina gharama: tundu la kati libane, ya pembeni yatobolewe marefu ili kipande kiteleze, na bolti isikazwe hadi mwisho. Kwingine baindingi ya kufungia nondo inatosha.

Vijana walitaka kuunganisha vipande kwa kuviyeyusha juu ya mkaa. Fundi alikataa, na alikuwa sahihi. Kwenye rundo kulikuwa na vipande vya PVC, plastiki ya mabomba magumu, na moshi wa PVC una tindikali inayokula mapafu.

Suluhisho la jua ni kivuli, na mfano hatukulazimika kuufuata mbali. Michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, ambayo iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina twiga, tembo na pofu waliochorwa kwa rangi nyekundu, na wapo hadi leo kwa sababu wachoraji walitumia kuta zilizofunikwa na jiwe lililojitokeza juu, jua na mvua visizifikie moja kwa moja. Watu wa kanda hii wamekuwa wakichora wanyama hadharani kwa muda mrefu, na hawakuwachora juani. Mabaka amejengewa paa la bati la mteremko upande wa magharibi. Linampunguzia uzuri kwenye picha, mwalimu hajalipenda, lakini vifuniko vipya chini yake bado vina rangi.

Walivyokubaliana

Tundu la koleo halikuzibwa. Fundi alilichonga likawa mlango, akaweka bawaba na kufuli. Ufunguo mmoja anao yule mama na wenzake wawili wanaookota chupa, mwingine uko ofisi ya mtaa. Wao wanamwaga tumbo kila wiki, wanafagia chini yake hadi kwenye vibanda, na wanatoa taarifa kipande kikilegea. Malipo yao ni chupa. Uwazi wa mgongoni umefinywa kwa bati, ipite chupa lakini lisipite ganda la ndizi kwa urahisi. Mgambo wameondolewa.

Lililobaki lilikuwa la sanaa, na lilinipa shida kuliko nilivyotarajia. Mabaka akimwagwa anaonekana amekonda. Watoto hawakupenda, na mwalimu alisema kwa uchungu kwamba kazi yake ilibuniwa ionekane imeshiba. Ikiwa tupu ni kizimba chenye pembe. Ana haki ya kusema hivyo, kwani kilichowavuta watu ni ng'ombe, si kizimba. Tulichofanya ni kutenga theluthi ya chini ya tumbo kwa wavu wa ndani na kuijaza chupa za rangi ambazo mnunuzi wa hapa hazitaki. Hizo hazitoki. Juu yake zinaingia na kutoka zile zinazouzika. Mchinjaji aliomba bonge lake liwekwe humo kwenye chupa kubwa angavu, likawekwa.

Hata tumbo likijaa kila wiki, baada ya kutenga ile theluthi linatoa kilo 8 hivi; kwa mwaka ni kilo mia nne na kidogo. Kwa jiji zima hiyo si kitu, na nimemwambia mwenyekiti asiitaje kwenye hotuba kana kwamba ni kitu. Kwa mama na wenzake ni chupa safi ambazo hawakuinama kuziokota korongoni. Rangi ya miguu na bati jipya la paa litakapotoboka bado havina wa kuvilipia. Mtaa umeahidi, na ahadi ya mtaa naijua.

Mtaa wa jirani sasa wameomba watengenezewe mbuzi. Niliwaambia kabla fundi hajakata nondo walete majina matatu: la mnunuzi wa chupa, la mshika ufunguo, na la mlipaji wa matengenezo. Wameleta mawili. Nondo bado hazijakatwa.